Mervyn Cowie na Yatima wa Lang'ata

Mabasi ya shule yanayotoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Lang'ata hupita mbele ya uwanja wa ndege wa Wilson, kisha yakakata kushoto na kuingia katika lango kuu la Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Wanafunzi hushuka, wakahesabiwa, wakaongozwa hadi Makao ya Wanyama Yatima ili wawatazame simba, duma na fisi kwa karibu. Kesho yake huandika insha. Insha hizo aghalabu hueleza rangi ya manyoya na ukubwa wa meno. Ni nadra kukuta iliyouliza ni nani aliyetaka jiji hili liishi ubavuni mwa simba, na ni nani aliyelipa gharama ya matakwa hayo. Swali la kwanza lina jina: Mervyn Hugh Cowie. La pili lina majina mengi ambayo hayakuandikwa popote, na ndiyo maana nadhani walimu wa historia na wa lugha wanapaswa kuyafundisha maswali haya mawili kwa pamoja.

Cowie alizaliwa mjini Nairobi mwaka 1909, miaka kumi tu baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita kwa jina la maji baridi. Mwaka huo huo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka madarakani Marekani majuma machache awali, aliwasili kuwinda. Aliketi kwenye kiti kilichofungwa mbele ya injini ya garimoshi ili awaone wanyama wa nyanda za Kapiti na Athi bila kuzuiwa na kitu. Kabla ya kuondoka Afrika, yeye na mwanawe Kermit walikuwa wameua wanyama 512. Hesabu hiyo haikumwaibisha mtu. Ilichapishwa kwa fahari. Huo ndio ulimwengu aliozaliwa Cowie: wanyama walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyefikiri wangeweza kuisha, na sifa ya mwanamume wa kizungu ilipimwa kwa idadi ya pembe alizotundika ukutani.

Alipelekwa Uingereza kusoma, akakaa huko miaka tisa, na kurejea mwaka 1932 akiwa mhasibu. Mtu anayeishi mahali pamoja mfululizo haoni mabadiliko, kwa kuwa huja kidogo kidogo kama mvi. Anayerudi baada ya miaka tisa huyaona yote kwa mkupuo. Cowie aliikuta Nairobi imepanuka, mashamba yamesogea, na nyanda za Athi alizoziacha zimejaa nyumbu na kongoni zikiwa zimepungukiwa. Kusini mwa mji palikuwapo hifadhi ya wanyama kwa jina tu. Kuwinda kulikatazwa, lakini karibu kila jambo jingine liliruhusiwa: mifugo ililishwa, takataka zilitupwa, na ndege za kivita za Uingereza zilifanyia mazoezi ya kudondosha mabomu humo humo. Sheria iliyomlinda pundamilia dhidi ya risasi haikumlinda dhidi ya bomu.

Wenzake walowezi hawakuliona hilo kuwa tatizo. Kwa mkulima, mnyama wa porini alikuwa mharibifu wa ua, mshindani wa nyasi na mleta maradhi ya ng'ombe. Nje ya Kenya mawazo yalikuwa yameanza kubadilika. Afrika Kusini ilikuwa imeanzisha mbuga ya Kruger mwaka 1926, na mwaka 1933 madola yenye makoloni yalikutana London yakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama na mimea ya Afrika, ambao ulisisitiza kuwekwa mbuga za taifa. Lakini mkataba wa London ni karatasi, na serikali ya Nairobi ilijua namna ya kuiweka karatasi kabatini. Cowie aliandika, akazungumza, akawasihi wakubwa, wala hakusikilizwa.

Hapo ndipo alipotumia silaha ambayo mwalimu yeyote wa fasihi angeitambua. Kama alivyosimulia baadaye, alipeleka barua kwa gazeti la East African Standard, bila kutia jina lake la kweli, akijifanya mlowezi mkongwe aliyechoshwa na usumbufu wa wanyama. Barua hiyo ilipendekeza kwamba wanyamapori wote wauawe, nchi isafishwe, na kilimo kiendelee kwa amani. Hakuweka alama yoyote ya mzaha. Alichukua hoja ambayo walowezi waliitamka nusu nusu kwenye baa na vibaraza vyao, akaifikisha hadi mwisho wake wa kimantiki, akawarudishia waione uso kwa uso.

Wasomi wa kinaya watakumbuka kwamba Jonathan Swift alifanya jambo la aina hiyo mwaka 1729, alipopendekeza kwa utulivu wa mtaalamu wa uchumi kwamba watoto wa maskini wa Ireland wauzwe waliwe. Nguvu ya mbinu hii haimo katika maneno yenyewe, kwa maana maneno yenyewe husema kinyume cha anachokusudia mwandishi. Imo katika pengo lililopo baina ya yanayosemwa na yale ambayo msomaji anaweza kuyavumilia. Msomaji akikasirika, mwandishi ameshinda. Wasomaji wa Nairobi walikasirika vilivyo. Barua za kupinga zilimiminika, watu ambao hawakuwahi kumtetea swala hata mmoja walijikuta wanamtetea, na serikali ikalazimika kuunda kamati ya kuchunguza sera ya wanyama mwaka 1939. Sijui kisa kingine katika historia ya magazeti ya Afrika Mashariki ambapo barua moja ya uongo ilizaa ukweli mkubwa kiasi hicho.

Hata hivyo, mwanaisimu hana budi kuuliza swali la pili kuhusu matini yoyote: iliandikwa kwa ajili ya nani? Mjadala wote huo ulifanyika kwa Kiingereza, katika gazeti la walowezi, baina ya watu waliojuana kwa majina. Mmaasai aliyelisha ng'ombe wake kando ya mto Mbagathi hakuisoma barua ile, hakukasirishwa nayo, wala hakualikwa kujibu. Kinaya huhitaji msomaji. Asiyesomewa hubaki nje ya mchezo hata kama ardhi inayochezewa ni yake. Dosari hiyo inaonekana tangu siku ya kwanza ya kazi ya Cowie, na kwa maoni yangu haikuwahi kurekebishwa katika miaka yote aliyoshika usukani.

Vita Vikuu vya Pili vilichelewesha mambo, na Cowie mwenyewe alivaa magwanda. Ndiyo maana wengi walimwita kanali hadi uzeeni. Sheria ya mbuga za taifa ilipitishwa mwaka 1945, na tarehe 16 Disemba 1946, chini ya Gavana Philip Mitchell, Mbuga ya Nairobi ilitangazwa rasmi kuwa ya kwanza nchini Kenya. Eneo lake ni kilomita za mraba 117 hivi. Ukilinganisha na Kruger ni kama kiganja mbele ya uwanja. Lakini Kruger haioni majumba ya Pretoria, ilhali katika mbuga ya Nairobi twiga huweza kupigwa picha akiwa na maghorofa ya jiji nyuma ya shingo yake.

Wafugaji wa Kimaasai waliondolewa, na wafugaji wa Kisomali waliokuwa na mifugo kwenye malisho ya pembezoni mwa mji wakatakiwa nao kuhama. Kwa Wamaasai hii haikuwa mara ya kwanza. Mikataba ya 1904 na 1911 ilikuwa imekwisha kuwang'oa kutoka Bonde la Ufa na Laikipia ili walowezi wapate nafasi. Tofauti ya 1946 ni kwamba safari hii ardhi haikuchukuliwa kwa ajili ya ngano wala ng'ombe wa maziwa wa mzungu. Ilichukuliwa kwa ajili ya wanyama ambao Wamaasai walikuwa wameishi nao bila kuwamaliza. Kwa desturi Mmaasai hali nyama ya porini. Wanyama aliowakuta Cowie mwaka 1932 walikuwapo kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, jirani yao hakuwahesabu kuwa kitoweo. Kwamba mtunzaji wa zamani alifukuzwa ili mtunzaji mpya aajiriwe ni jambo ambalo wanafunzi wetu wanaweza kulijadili darasani bila ya kuchochewa na mwalimu.

Cowie alifanywa mkurugenzi wa kwanza wa mbuga za taifa, zilizoitwa za kifalme hadi uhuru ulipokuja, akashika wadhifa huo kwa miaka 20. Tsavo ilifuata mwaka 1948, Mlima Kenya 1949, Aberdare 1950. Tsavo peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 20,000, nyingi zikiwa nyika kavu ambayo hakuna mlowezi aliyeitamani, na nafikiri hiyo ndiyo sababu ilipatikana kwa urahisi.

Uhasibu wake haukupotea bure. Tangu mwanzo alitambua kwamba serikali haitamlinda simba kwa kuwa simba ni mzuri, bali itamlinda ikionyeshwa kwamba simba hai huleta fedha nyingi kuliko ngozi yake. Alishiriki kwa miaka mingi katika uongozi wa chama cha kukuza utalii cha Afrika Mashariki, aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1950, na kila alipopata jukwaa alizungumza lugha ya mapato. Leo kila waziri wa utalii huizungumza lugha hiyo kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Mwaka 1951 filamu ya Kiingereza iliyoongozwa na Harry Watt, iliyotokana na kazi yake Cowie, ilitoka London na kutazamwa na watu wengi. Mhusika mkuu ni msimamizi wa mbuga mwenye sura nzuri anayepambana na wauaji wa ndovu. Waafrika wamo pia, pembeni, wakibeba mizigo na mikuki.

Pembeni huko ndiko walikobaki katika Tsavo yenyewe. Waata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu, walikuwa wawindaji wa ndovu tangu jadi, mabingwa wa upinde mzito na mshale wa sumu. Mbuga ilipotangazwa, kazi ya babu zao iligeuka kosa la jinai kwa usiku mmoja. Katika kampeni ya katikati ya miaka ya 1950, iliyoendeshwa na wasimamizi wa Tsavo akiwamo David Sheldrick, wanaume wengi wa jamii hiyo ndogo walifungwa. Ndovu walipata nafuu. Baadaye kidogo, mwaka 1960, ulianzishwa mpango wa kuwapa Waata riziki halali ya uwindaji kwenye ardhi ya Galana, jambo linaloonyesha kwamba hata maofisa wenyewe walikuwa wameanza kuhisi uzito wa walichokifanya. Mpango huo haukuwanufaisha kama ilivyokusudiwa.

Kuna miaka mitatu ambayo wasifu wa Cowie uliozoeleka huipita kwa haraka. Kuanzia 1953 hadi 1956, wakati wa Hali ya Hatari, alikuwa mkurugenzi wa nguvukazi wa koloni, yaani msimamizi wa kuwagawa watu katika majukumu ya vita dhidi ya Mau Mau. Misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, mbuga alizozianzisha yeye miaka michache kabla, ilikuwa imekuwa kambi za wapiganaji na shabaha za mabomu. Mtu aliyechukizwa na ndege za kivita kudondosha mabomu juu ya nyumbu wa Athi alikuwa sasa ofisa wa serikali iliyodondosha mabomu juu ya msitu wenye ndovu na watu. Sisemi hili kumhukumu. Alikuwa mtoto wa tabaka lake na wakati wake. Lakini anayeandika maisha yake bila miaka hiyo mitatu anaandika maisha ya mtu mwingine.

Nimeyataja haya kwanza ili msomaji asidhani kwamba ninayoyasema sasa nimeyasema kwa kumpendelea. Sehemu ya kazi ya Cowie inayonivutia kuliko zote ni ile ndogo, iliyokuja mwishoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, karibu na lango la Lang'ata, Makao ya Wanyama Yatima yalifunguliwa chini ya uongozi wake.

Haja yake ilikuwa dhahiri. Mwaka 1956, kaskazini mwa Kenya, George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Mmoja wao, Elsa, alilelewa na Joy Adamson, akafunzwa kuwinda na kurudishwa porini, na kitabu cha mwaka 1960 kikamfanya simba maarufu kuliko wote duniani kabla hajafa mwaka 1961. Wale dada zake wawili hawatajwi sana. Walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Nairobi, mji mkuu wa nchi ya simba, haikuwa wakati huo na makao ya umma ya kumpokea mtoto wa simba asiye na mama.

Mtu asiyejua kazi hii hudhani ni kutia maziwa katika chupa. Kumlea mnyama anyonyeshaye ni kubuni upya kila kitu ambacho mama hukifanya bila kufikiri. Maziwa ya ng'ombe hayamfai kila mtoto: mtoto wa ndovu huharishwa na mafuta yake, akadhoofika na kufa. Daphne Sheldrick, mkewe David, alihangaika miaka mingi kabla ya kupata mchanganyiko wa maziwa ya unga ya watoto wachanga na mafuta ya nazi ambao mwili wa ndovu mchanga uliukubali. Mwaka 1974 alikuwa na ndovu mdogo aitwaye Aisha, aliyestawi kwa chakula hicho hadi akafikisha miezi sita. Daphne alisafiri majuma mawili kwa ajili ya harusi ya binti yake. Aisha aligoma kula, akafa. Hakufa kwa njaa ya maziwa. Tangu hapo utaratibu ulibadilishwa: watunzaji kadhaa hupokezana, hulala zizini na watoto wa ndovu usiku, na hubadilishana mtoto wa kulala naye, ili mapenzi ya mnyama yasifungwe kwa mtu mmoja anayeweza kuugua, kuhama au kwenda likizoni. David alifariki mwaka 1977, na kituo kilichoanzishwa kwa jina lake katika mbuga hiyo hiyo ya Nairobi kikaendelea na kazi hiyo chini ya Daphne hadi alipofariki mwaka 2018.

Wala nyama wana shida ya namna nyingine. Ndovu aliyelelewa na watu anaweza kurudi Tsavo, akakaribishwa na ndovu wenziwe, na akaishi. Simba aliyelelewa na watu amepoteza kitu kimoja muhimu, nacho ni hofu ya binadamu. Akiachiliwa atakwenda penye watu, na penye watu atauawa. Kwa hiyo wengi wa simba na duma wa Lang'ata wakishaingia hawatoki. Jina ni makao ya yatima, lakini kwa hao kazi yenyewe ni ya bustani ya wanyama, na watunzaji wake hufanya kazi ile ile inayofanywa Rotterdam: kupima nyama, kusafisha vizimba, kuangalia jicho lenye utusitusi au mguu unaochechemea, kumtafutia mnyama shughuli ili asizungukezunguke kizimbani mchana kutwa kwa uchovu wa akili.

Neno yatima lenyewe linastahili kutupiwa jicho. Lilikuja kwetu kutoka Kiarabu, na katika sheria na desturi za Kiislamu za pwani yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Huandamana na wajibu, maana kula mali ya yatima ni dhambi kubwa. Wanyonyeshaji wengi wa porini hawana baba wa kuwalea. Simba dume haulizi mtoto amekula nini, na ndovu dume huishi mbali na kina mama. Yatima wa Lang'ata ni yatima wa mama. Hata hivyo Kiswahili kililikubali neno hilo bila kusita, na pamoja na neno ukaja wajibu. Watu husikia neno yatima na mkono huenda mfukoni. Iwapo Cowie na wenzake walilichagua jina la Kiingereza kwa kuijua nguvu hiyo, basi walikuwa wauzaji hodari; na kwa jinsi alivyoiandika ile barua ya gazetini, sina shaka kwamba alijua.

Na kuna jambo la sarufi ambalo huwafurahisha wanafunzi wangu. Simba, ndovu, twiga na fisi ni nomino ambazo kwa umbo lake zingepaswa kufuata upatanisho wa nyumba na ngoma. Hazifanyi hivyo. Tunasema simba yule amelala, kama tunavyosema mwalimu yule amelala. Uhai umeshinda umbo. Upande mwingine, lugha hiyo hiyo humwita mnyama kwa shina lile lile la nyama iliwayo, na Kiswahili cha zamani hakikutofautisha sana baina ya nyama aliye hai na nyama iliyo chunguni. Gikuyu nacho kina nyamũ kwa yule wa porini na nyama kwa ile ya kula. Lugha zetu, kwa hiyo, zilikuwa na mjadala wa Cowie ndani yake kabla hajazaliwa: mnyama ni mwenzetu au ni kitoweo? Bahati mbaya hakuna aliyeuliza mjadala huo ulivyokwenda katika lugha hizo. Wazo kwamba Mwafrika hakuwa na neno la kusema juu ya wanyama lilitokana na kutomsikiliza.

Miaka ya mwisho ya Cowie ofisini iliangukia katika mabadiliko makubwa. Mwaka 1961 Mara na Amboseli ziliwekwa chini ya mabaraza ya wilaya za Wamaasai, Narok na Kajiado, na kwa mara ya kwanza ada za watalii zikawa na njia ya kuwafikia wenye ardhi, ingawa si zote zilizofika. Uhuru ulikuja mwaka 1963. Wengi waliokuwa katika nafasi kama yake walifunga virago kwenda Afrika Kusini au Uingereza. Yeye alibaki kazini hadi 1966, akamwachia nafasi Perez Olindo, kijana Mkenya aliyekuwa hajafikisha hata miaka 30. Kati ya mambo ambayo Cowie aliyafanya kwa adabu, kukabidhi kazi akiwa bado nchini ni mojawapo.

Hakwenda mbali. Kuanzia 1972 hadi 1979 alikuwa mkurugenzi wa fedha wa shirika la madaktari warukao, AMREF, pale Wilson, umbali mfupi tu kutoka lango la mbuga yake. Mhasibu alirudi kwenye vitabu vya hesabu. Alikuwa ameandika vitabu viwili juu ya maisha yake na simba, kimoja mwaka 1961 na kingine miaka michache baadaye, vyote kwa Kiingereza, na si rahisi kuvipata madukani leo. Alifariki mwaka 1996. Aliona marufuku ya uwindaji ya 1977. Aliona pia vifaru weusi wa Kenya wakishuka kutoka 20,000 hivi mwaka 1970 hadi chini ya 400 katika miaka ya 1980, na mbuga yake ndogo ya Nairobi ikigeuka kimbilio la baadhi ya waliosalia. Mwaka 1989, humo mbugani, Rais Moi alizitia moto tani 12 za pembe za ndovu mbele ya kamera za ulimwengu. Mwaka 2016 moto mwingine uliteketeza tani 105 mahali hapo hapo. Hoja ya mhasibu kwamba mnyama hulindwa kwa thamani yake ya fedha ilijibiwa kwa kuchoma fedha.

Kilichobaki ni suala la ua. Mbuga imezungushiwa ua pande tatu zinazoelekea jiji. Upande wa kusini, ng'ambo ya mto Mbagathi, uliachwa wazi ili nyumbu na pundamilia watoke kwenda nyanda za Kitengela wakati wa mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Nyanda hizo hazikuwahi kuwa sehemu ya mbuga. Ni ardhi ya Wamaasai, jamaa wa wale waliotolewa, na tangu ilipogawanywa vipande vyenye hati miliki imekuwa ikiuzwa, ikajengwa, ikawekewa nyaya. Uhai wa mbuga ya Cowie umekuwa ukitegemea ukarimu wa watu ambao mbuga hiyo iliwafukuza. Baadhi yao wamelipwa kidogo na miradi ya hifadhi ili wasiweke ua. Wengine wamepoteza ng'ombe kwa simba bila fidia ya maana. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela usiku mmoja. Machi 2016 simba aliyeitwa Mohawk, kwa ajili ya manyoya meusi ya shingo yake, alifika Isinya mchana, akazingirwa na umati, akapigwa risasi na askari wa wanyamapori waliotumwa kumwokoa.

Kisha ikaja reli. Ile iliyoizaa Nairobi mwaka 1899 ilipita kando. Hii ya kisasa, iliyofunguliwa kuelekea Naivasha mwaka 2019, imepita juu ya mbuga yenyewe kwa daraja la kilomita sita hivi, licha ya kesi na maandamano. Watetezi wa mbuga waliandika magazetini barua nyingi zenye hoja, takwimu na uchungu. Nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. Wanyama hupita chini ya nguzo, na abiria walio dirishani hutazama chini kama Roosevelt alivyotazama mbele, huku upande wa pili wa Mbagathi wafugaji wakiendelea kuamua, shamba kwa shamba, kama wataweka ua au hawataweka.